Kikohozi cha Baba Mkwe

Watu wakinikuta sokoni Tukuyu hawanisalimii, wanakohoa. Mama wa ndizi anakohoa, dereva wa bodaboda anakohoa, na juzi muuguzi aliyekuwa anipime presha alianza kwa kukohoa mara tatu, akacheka mwenyewe mpaka ikabidi anipime upya. Sikasiriki. Kikohozi hicho kimenilisha kwa miaka mingi na kimenipa jina ambalo sikupewa kanisani. Lakini wakishamaliza kukohoa huniuliza swali lile lile: yule mzee wa jukwaani ulimtoa wapi?

Kwa muda mrefu nilijibu uongo. Nilisema nimemtunga. Ukweli ni kwamba nilimtoa kwa baba mkwe wangu, mtu ambaye mpaka leo sijawahi kumwona uso.

Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Wazee wanaita kutila, maana yake kuogopa, ingawa kwa nilivyoishi ni heshima zaidi kuliko woga. Hampeani mikono, hamli pamoja, humtaji jina, na mkikaribia kukutana njiani wewe mwanamke ndiye unayeingia migombani na kugeuka hadi apite. Siku hizi nyumba nyingi zimeacha. Nina rafiki kule Masoko anayepiga picha na baba mkwe wake wakiwa wamekumbatiana, na mimi nikiziona naona haya kwa niaba yao. Nyumba niliyoolewa, kule Nkunga, haijaacha, na mama mkwe wangu anausimamia mwiko huo kama refa. Sebuleni kwao pana picha yao ya harusi. Kila ninapotaka kuingia, yeye hunitangulia na kuigeuza itazame ukuta. Kwa hiyo sura ya baba mkwe ninayoijua mimi ni kipande cha kadibodi na misumari miwili.

Nilizaliwa Masukulu, kwa watu wa mahindi na ndizi, na utundu wangu ulianzia kanisani. Tulikuwa na mzee wa kanisa aliyesoma matangazo kana kwamba kila tangazo ni msiba. Hata habari ya kwaya kupata sare mpya aliisoma hivyo. Nilipokuwa na miaka tisa nilimwigiza jikoni, mama akanichapa na mwiko wa ugali. Mchana shangazi alipokuja kututembelea, mama huyo huyo akaniambia, "Hebu mwonyeshe shangazi yako." Nikajua kwamba kipigo kile hakikuwa cha kweli.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sina haja ya kuyaeleza, nikaenda Tukuyu kumsaidia dada kuuza nguo. Jirani na soko kulikuwa na shule ya msingi, na alasiri watu saba walikuwa wakifanya mazoezi katika darasa moja. Walikuwa wanaigiza papo kwa papo. Hakuna kilichoandikwa: watazamaji wanataja jambo lolote, nyinyi mnaligeuza mchezo hapo hapo, na likikwama mnakwama mbele za watu. Aliyewaongoza alikuwa mwalimu mstaafu, mfupi, mwenye ulimi mkali. Nilichungulia dirishani siku tatu. Siku ya nne akaniambia niingie au niondoke, kwa sababu namzibia mwanga.

Mwanzoni nilikuwa mbovu, kwa kuwa nilikuwa mbishi. Mwenzangu akisema jukwaani kwamba mimi ni ng'ombe wake, mimi nilijibu kwamba mimi si ng'ombe. Mwalimu alisimamisha mazoezi. "Wewe binti, ukipewa kikombe cha maziwa unakipokeaje?" Nikasema kwa mikono miwili. "Basi hata hapa. Akikupa ng'ombe, pokea kwa mikono miwili. Ukikataa unamwaga maziwa ya wote." Ilinichukua mwaka mzima kuacha kumwaga.

Mume wangu ni fundi mitambo katika kiwanda cha chai. Alikuja kutuangalia mara tatu na mara zote hakucheka. Mara ya tatu nilimfuata nje, nimevimba kwa hasira, nikamuuliza anatafuta nini kwetu kama hafurahi. Akasema, "Mimi huwa nacheka nikifika nyumbani." Sijui kwa nini jibu lile lilinishinda nguvu, lakini lilinishinda. Mwaka uliofuata nikapelekwa Nkunga kama mke.

Wiki ya kwanza mama mkwe alinikalisha jikoni akanifundisha kazi za nyumba ile. Yeye amekulia Kinyakyusa, Kiswahili chake kina l mahali pa r na s mahali pa z, na akisema jambo zito hulisema polepole. "Ukisikia hivi," akasema, kisha akakohoa, viwili vifupi na kimoja kirefu cha kuburuta, "ujue ni baba yenu. Toka njiani halaka."

Siku ya tatu nilikuwa narudi mtoni na ndoo kichwani, nikakisikia chenyewe. Kulia kwangu kulikuwa na migomba, kushoto zizi. Mtu mwenye akili angekwenda kulia. Mimi niliruka zizini, nikatumbukia kwenye samadi hadi kwenye vifundo, nikasimama nimekumbatiana na ndama. Kikohozi kikakaribia, kikapita. Kilipofika mbali kikatoka kimoja cha ziada, kifupi, chepesi. Nilidhani ni mafua.

Hivyo ndivyo nilivyoishi na baba mkwe. Sikuwahi kumwona, lakini nilimsikia kila siku, na mtu wa kazi yangu akikaa miaka anasikiliza kitu kimoja hawezi kukosa kukijua. Kulikuwa na kikohozi cha asubuhi, kilichonyooka, cha mtu mwenye shughuli. Kulikuwa na cha kutoka kanisani, kilichotulia. Mvua ikinyesha, na kwetu ni lini hainyeshi, kiliharakishwa. Siku ambayo ng'ombe alizaa mapacha kilikuja kwa mbwembwe hadi nikacheka ndani ya migomba nimeziba mdomo kwa kanga. Nilimjua kuliko watu ninaokula nao meza moja.

Kumbe nilikuwa nakusanya. Jumamosi moja mchana kikundi chetu kiliitwa kwenye ukumbi wa wachuma chai. Mwalimu akawaomba watazamaji wataje mgeni, mgeni yeyote anayefika nyumbani. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Mkwe!" Ilikuwa zamu yangu kuingia. Nilikuwa nyuma ya pazia, sina mawazo yoyote, mkononi nina ufagio. Nikapinda mgongo, nikaufanya ufagio mkongojo, na kabla sijatokea nikakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu.

Nikasikia viti vinaburutwa. Wanawake waliokaa mbele walikuwa wameshainuka kukimbia. Mmoja alifika mlangoni. Walipogundua ni mimi, kicheko kilichotoka mle ukumbini sijakisikia tena popote, kwa sababu kila mtu alikuwa anajicheka mwenyewe. Mwalimu, ambaye sifa kwake ni kitu cha kutolewa Krismasi, aliniambia baadaye, "Huyo mzee usimwachie aondoke."

Sikumwachia. Alinipeleka kwenye harusi, kwenye mikutano ya afya, kwenye redio Mbeya. Alinipeleka hadi Dar es Salaam, miezi minane, kwenye kipindi cha televisheni. Huko mtayarishaji alitaka mzee awe mlevi na afukuze wasichana. Nikamwambia mzee wangu hanywi. Akasema watu wa Dar hawacheki kikohozi. Nikamjibu maneno ambayo mama akiyasikia atautafuta tena ule mwiko wa ugali, nikapanda basi nikarudi kwenye baridi yangu. Watu hunionea huruma kwa hilo, wakidhani nilishindwa. Mimi nilipoona ukungu juu ya mashamba ya chai nilijiona nimeponea chupuchupu.

Kitu kimoja tu kilinisumbua miaka yote hiyo. Nyumbani Nkunga walijua naigiza, ila hawakujua naigiza nini. Mume wangu alijua, na tulikubaliana bila kusema kwamba hatutasema. Kumcheka baba mkwe mbele za watu ni jambo ambalo, kama angetaka, angeweza kuliitishia kikao cha ukoo na nisingekuwa na la kujitetea.

Siri ilitoboka Jumapili moja kwa mkono wa wifi yangu, aliyekuja kutoka Mbeya na simu mpya. Nilikuwa jikoni nachambua mboga. Nikasikia kikohozi kinatoka sebuleni, na kwa mazoea nikainuka kujificha nyuma ya mlango. Nikiwa pale nyuma ya mlango nikagundua kwamba aliyekohoa ni mimi.

Kisha nikasikia mabishano. Mama mkwe alikuwa amemrukia binti yake. "Unamwonyesha baba yako mkamwana wake?"

"Mama, ni video tu, si yeye mwenyewe."

"Picha ya halusi nageusa ukutani, sembuse hii inayotembea!"

Mume wangu, aliyekuwa humo, ndiye aliyenisimulia kilichofuata. Baba alikuwa amefumba macho tangu mwanzo. Alinyoosha mkono, akapewa simu, akailaza kifudifudi mezani, akasema waianzishe upya. Akasikiliza yote, dakika sita, bila kucheka. Kisha akachukua kofia yake na kutoka kwa mlango wa nyuma. Nilitega sikio. Hakukohoa.

Hakukohoa kesho yake wala wiki ile. Aliacha kabisa kupita njia ya katikati ya migomba. Nilikuja kujua kwamba anazunguka bondeni, kwenye njia ya mtoni yenye utelezi, mzee wa miaka sabini na kitu, ili tusikaribiane na asilazimike kunikoholea. Nilimwambia mume wangu akamuulize. Akasema, "Baba akinyamaza haulizwi." Nilimrushia kikapu. Nilimwomba mama mkwe anipelekee msamaha. Akasema ataupeleka, akaupeleka, akarudi akasema mzee amesikia. Basi. Amesikia.

Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Sikuwa nimejiandaa kumkosa. Asubuhi nilitoka na ndoo nikisikiliza, nikarudi nikisikiliza, na migomba ilikuwa migomba tu. Nilielewa nimefanya nini: yule mtu kwa miaka kumi na minne alinipa kitu kimoja tu, sauti yake, nami nikaichukua nikaiuza kwa watu wasiomjua. Niliumia sana, na niliona haya kuliko nilivyowahi kuona haya maishani. Nikaenda kwa Mwalimu nikamwambia mzee wa kikohozi amekufa.

"Umemuua bila kutuambia?"

"Nimeshamzika."

Akaniangalia, akasema poleni na msiba, akaendelea kunywa chai yake.

Mwezi wa pili wa ukimya ule tulialikwa kwenye mkutano wa wakulima wa chai na parachichi, Tukuyu mjini, baada ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi tukalazimika kupaza sauti. Tulicheza afisa ugani, tukacheza parachichi linalokataa kuiva, watu wakacheka kwa adabu. Kisha wakaanza. "Mzee! Tunamtaka mzee!" Nikasema mzee amesafiri. "Arudi!" Nikasema anaumwa. "Ndiyo maana anakohoa!" akajibu mmoja, na ukumbi mzima ukamshangilia yeye badala yangu. Nilikasirika. Nikafungua mdomo niwaambie kwamba leo hakuna mzee na wasiotaka waende kwao.

Nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango, mtu akakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu cha kuburuta.

Sikuamua chochote. Miguu iliamua. Nilijikuta chini ya meza ya jukwaani, kanga nimejifunika kichwa, na watu wanavunjika mbavu kwa sababu walidhani ni mchezo. Niliona viatu vya mwenzangu vikirudi nyuma kwa kuchanganyikiwa. Kikohozi kile nilikijua: kilikuwa cha asubuhi, kilichonyooka, cha mtu mwenye shughuli. Alikuwa amepanda kutoka Nkunga kwenye mvua ile na kuingia mahali ambapo alijua nipo.

Nikiwa pale chini niliona nina mambo mawili ya kufanya: kutambaa nitoke kwa mlango wa pembeni, au kupokea. Nikakohoa. Kimoja, kidogo, cha mtu anayebisha hodi.

Kutoka nyuma kikaja kile kimoja cha ziada, kifupi, chepesi. Kile cha zizini.

Nikampa kirefu cha kulalamika. Akanijibu kwa vitatu vya kukaripia. Nikampa cha kujitetea, kinachopanda mwishoni. Akakikata katikati. Watu wakaanza kugeuka, huku, kule, walipogundua wako wawili. Nilitoka chini ya meza nimewapa mgongo, kanga hadi usoni, nikawa naigiza mzee anayejificha asionwe na mzee mwenzake. Yeye, walivyonisimulia, alikuwa amegeuza kiti tangu alipoingia, ametazama mlango, kofia magotini, hajaangalia jukwaa hata mara moja. Watu wawili wamepeana visogo wanakoholeana katikati ya umati, na wakulima wanafuta machozi. Sijui ilichukua muda gani. Mwishowe alitoa kimoja kirefu sana, kwa mbwembwe za ng'ombe kuzaa mapacha, nikasikia kiti, nikasikia mlango. Nilishuka jukwaani kwa upande wa pili, kama inavyopasa, nikalia nyuma ya pazia. Mume wangu alikuwa amekaa safu ya tatu. Kwa mara ya kwanza alicheka kabla hajafika nyumbani.

Kesho yake nilikuwa jikoni na mama mkwe tunamenya ndizi. Nilizunguka weee, mwisho nikauliza, "Mama, kifua cha baba kikoje siku hizi?"

"Kifua gani?"

"Hicho anachokohoa."

Akaacha kisu. "Hajawahi kuumwa kifua. Tangu nimeolewa sijamsikia anakohoa, hata usiku, hata akiwa na homa. Kile ni chako."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama jambo zito. Wiki ile nilipoletwa, mimi mkamwana wa kwanza wa nyumba hiyo, mzee alikuwa na wasiwasi atanijulishaje kwamba anapita. Akakaa nyuma ya zizi anajaribu. "Akapiga mlusi. Nikamwambia mlusi wa kuita mbwa huo, siyo mtu. Akaimba. Nikamwambia utamchosha mtoto wa watu. Ndiyo akapata kile. Akakijalibu siku mbili, mimi nasimama njiani ndiyo wewe."

Miaka yote ile nilikuwa nampinda mgongo na kumpa mkongojo kwa sababu ya kifua kibovu ambacho hakuwa nacho. Mume wangu, nilipomuuliza, alisema baba ni mrefu na amenyooka kama mlingoti wa bendera. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema sikumuuliza.

"Na aliponyamaza?" nikamuuliza mama mkwe. "Alikasirika kwa kuwa namcheka?"

"Aliona aibu." Akaokota kisu. "Alisema chako ni kisuli kuliko chake. Alikuwa anakwenda mtoni kufanya masoesi."

Nilicheka hadi ndizi ikanidondoka, kisha nikaona siwezi kuendelea kucheka, nikainama kama ninayeitafuta. Yeye aliniacha niitafute. Baadaye akasema mzee ametuma neno. Yuko tayari kutoa mtamba mmoja, tuufungue mwiko, tusalimiane uso kwa uso kama nyumba nyingine zinavyofanya sasa. Ni mimi wa kuamua.

"Tukiufungua, ataendelea kukohoa?"

Akanitazama kana kwamba nimepungukiwa. "Atakohoa kwa nini, na mtakuwa mnaonana?"

Nikamenya ndizi mbili, tatu. "Mwambie ndaga fijo," nikasema, nikimshukuru sana kwa Kinyakyusa. "Mtamba akae kwanza zizini."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa narudi mtoni na ndoo. Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya migomba. Nikakisikia kinakuja kwa njia yake ya zamani: viwili vifupi, kimoja kirefu, na mwishoni mkia mpya, wa kupinda, ambao sijawahi kuusikia na ambao kwa kweli ulikuwa mzuri kuliko changu. Nikatua ndoo. Nikaingia migombani, nikageuka. Gambuti zake zilifika mahali ambapo huwa zinapita, na zikasimama. Alikuwa anasubiri nijibu.